Ireland na Kampuni za Kigeni: Ni Kodi Ndogo Tu, au Kuna Zaidi?

Julai 2016 ofisi ya takwimu ya Ireland ilitangaza kwamba uchumi wa nchi hiyo ulikuwa umekua kwa asilimia 26.3 ndani ya mwaka mmoja, 2015. Hakuna kisima cha mafuta kilichokuwa kimegunduliwa, wala msururu wa viwanda vipya uliofunguliwa. Wananchi wenyewe walipigwa na butwaa, kwa sababu hawakuona dalili ya neema hiyo mifukoni mwao. Mwanauchumi wa Marekani Paul Krugman aliubeza ukuaji huo kuwa ni uchumi wa vibwengo, akikumbushia viumbe wa ngano za Ireland wanaosemekana kuficha vyungu vya dhahabu.

Tangu hapo nchi hiyo imekuwa mfano unaovutwa huku na huku. Kwa baadhi ya watu, Ireland ni ushahidi kwamba nchi ndogo inaweza kutajirika ikiwafungulia wawekezaji milango: sensa ya 2022 ilihesabu watu milioni 5.15 tu, pungufu ya wakazi wa mkoa wa Dar es Salaam, lakini ndiko Google, Apple, Microsoft, Meta na Pfizer zilikoweka ofisi na mitambo mikubwa. Kwa wengine, Ireland ni mfereji wa kupitishia faida ili zisitozwe kodi kwingine. Kila upande una takwimu zake, na takwimu zote ni za kweli.

Mkanganyiko unatokana na kuyachanganya maswali matatu. Nchi ina utajiri kiasi gani hasa? Kampuni za kigeni zinafuata nini huko? Na nani anafaidika? Kila swali linastahili jibu lake.

Nchi iliyowahi kuwafungia wageni mlango

Ireland ya leo inajulikana kwa ukarimu wake kwa mtaji wa nje, lakini katika miaka ya 1930 sera ilikuwa kinyume kabisa. Sheria za 1932 na 1934 ziliwazuia wageni kumiliki sehemu kubwa ya viwanda, na ushuru mkubwa wa forodha ukawekwa kulinda wazalishaji wa ndani. Shabaha ilikuwa kujitegemea baada ya karne nyingi za kutawaliwa na Uingereza. Tatizo ni kwamba soko la ndani lilikuwa dogo mno. Viwanda vilivyolindwa havikuwa na wa kumuuzia zaidi ya majirani, na katika miaka ya 1950 peke yake watu wapatao 400,000 waliihama nchi kutafuta kazi.

Mageuzi hayakuanzia kwa mwanasiasa bali kwa mtumishi wa umma. T. K. Whitaker, katibu wa Wizara ya Fedha, aliandaa mwaka 1958 ripoti iliyosema waziwazi kwamba sera ya kujifungia imeshindwa. Kufikia wakati huo serikali ilikuwa tayari imeanza, mwaka 1956, kuwapunguzia kodi waliouza bidhaa nje, na baada ya muda mfupi nafuu hiyo ikawa msamaha kamili. Mamlaka ya uwekezaji, IDA, iliyoundwa 1949, ilipewa kazi ya kwenda kuwatafuta wawekezaji walikokuwa badala ya kuwasubiri.

Jaribio lililovuma zaidi lilifanyika Shannon, magharibi mwa nchi. Uwanja wa ndege wa huko uliishi kwa kuzijaza mafuta ndege zinazovuka Atlantiki. Ndege za jeti zilipoanza kuruka moja kwa moja bila kutua, eneo zima lilikabiliwa na hatari ya kufa. Mwaka 1959 ukafunguliwa ukanda wa viwanda pembeni ya uwanja, ambako malighafi iliingia bila ushuru na bidhaa zikatoka kwenda nje. Wazo hilo lilisafiri mbali. Ujumbe wa China, akiwamo Jiang Zemin aliyekuja kuwa rais, ulikwenda kulisoma mwaka 1980, wakati Shenzhen ikianza kujengwa. Maeneo ya viwanda vya kuuza nje ya Athi River nchini Kenya, chini ya sheria ya 1990, na yale ya Tanzania yaliyofuata sheria ya 2002, ni ya ukoo huohuo.

Hatua nyingine mbili zilifuata. Mwaka 1967 elimu ya sekondari ikawa bure, na mwaka 1973 nchi ikajiunga na Jumuiya ya Ulaya. Pamoja na hayo yote, miaka ya 1980 ilikuwa michungu. Ukosefu wa ajira ulifika karibu asilimia 17 na vijana waliosomeshwa kwa fedha za umma wakapanda meli na ndege kwenda London, Boston na New York. Kodi ya faida kwa wauzaji wa nje ilikuwa ndogo sana kwa takriban miongo mitatu, na bado nchi ilikuwa imekwama. Jambo hili litarudi kwenye mizani.

Takwimu ambazo haziishi Ireland

Swali la utajiri ndilo linalowachanganya wengi, na jibu lake liko kwenye namna ya kuhesabu. Pato ghafi la ndani hujumlisha thamani ya kila kinachozalishwa kwa jina la nchi, bila kujali faida inaishia kwa nani. Hufanana na fedha zinazopita kwenye kibanda cha wakala wa M-Pesa: kwa siku anaweza kushika mamilioni, lakini chake ni kamisheni.

Kilichotokea 2015 ni kwamba kampuni kubwa za kimataifa zilihamishia Ireland umiliki wa hataza, programu na haki nyingine za ubunifu. Ofisi ya takwimu haikutaja majina kwa sababu ya usiri wa kisheria, lakini wachumi walioifuatilia waliiona Apple kuwa mhusika mkuu. Haki hizo zikishasajiliwa Dublin au Cork, mapato yake duniani kote huhesabiwa kuwa ya Ireland. Bidhaa inaweza kuundwa China na kuuzwa Ujerumani, na bado ikaingia kwenye mauzo ya nje ya Ireland kwa sababu mwenye mali kisheria yuko Ireland. Ndege za kukodisha ni mfano mwingine: sehemu kubwa ya ndege za abiria zinazokodishwa duniani zinamilikiwa au kusimamiwa na kampuni zilizoko Ireland, ingawa nyingi hazitui huko.

Baada ya aibu ya 2016, kamati iliyoongozwa na Philip Lane, wakati huo gavana wa benki kuu, ilipendekeza kipimo kipya: pato la taifa lililorekebishwa, linaloondoa sehemu kubwa ya hesabu hizo za kampuni za kimataifa. Tofauti ni kubwa. Kwa mwaka 2023 pato ghafi la ndani lilikuwa takriban euro bilioni 510, ilhali lile lililorekebishwa lilikuwa kama bilioni 290. Mwaka huohuo pato ghafi lilionyesha kusinyaa, huku ajira zikiongezeka.

Kipimo cha tatu kinasaidia zaidi kuona maisha ya kawaida, nacho ni matumizi halisi ya kila mtu, ikiwemo huduma za umma anazopata. Kwa pato ghafi, mkazi wa Ireland anaonekana kuwa na zaidi ya mara mbili ya wastani wa Umoja wa Ulaya. Kwa matumizi halisi, yuko karibu na wastani huohuo. Kwa hiyo Ireland ni nchi tajiri, lakini kwa kiwango cha majirani zake wa Ulaya Magharibi.

Hoja ya kwanza: siri ni kodi

Wanaoona kodi kuwa kiini cha yote wana ushahidi mzito. Tangu 2003 kiwango cha kodi ya faida ya biashara kilikuwa asilimia 12.5, na wakati huo mataifa makubwa ya Ulaya yalitoza zaidi ya mara mbili yake. Hata hicho kidogo kilipunguzwa kwa mbinu. Kampuni iliweza kusajiliwa Ireland lakini ikahesabika kuwa mkazi wa Bermuda kwa madhumuni ya kodi, hivyo faida ikapita Dublin bila kuguswa. Mwanya huo ulizibwa kwa waingiaji wapya mwaka 2015, na waliokwishaingia wakapewa hadi mwisho wa 2020.

Kesi ya Apple iliweka mambo hadharani. Agosti 2016 Tume ya Ulaya ilidai kwamba maafikiano ya kodi kati ya Ireland na Apple yaliishusha kodi halisi ya kampuni hiyo kwenye faida zake za Ulaya hadi asilimia 0.005 mwaka 2014, ikaamuru Ireland ikusanye euro bilioni 13. Serikali ya Ireland ilifanya jambo ambalo raia wengi wa dunia hawakulielewa: ilikwenda mahakamani kupinga kulipwa. Ilishinda mwaka 2020, kisha ikashindwa moja kwa moja Septemba 2024, Mahakama ya Haki ya Ulaya ilipokubaliana na Tume. Kwa serikali, bilioni 13 za mkupuo zilikuwa na thamani ndogo kuliko sifa ya kuwa nchi isiyobadilisha ahadi kwa wawekezaji.

Udhaifu wa hoja hii ni kwamba haielezi kila kitu. Hungary inatoza asilimia 9 na Bulgaria asilimia 10, zote ziko ndani ya Umoja wa Ulaya, na bado hazijavuta kundi lile la kampuni za dawa na teknolojia. Tena, mfereji wa kodi hauhitaji watu wengi. Wakili na sanduku la barua hutosha. Kampuni zinazohudumiwa na IDA zimeajiri watu zaidi ya 300,000, kiasi cha mtu mmoja kati ya kila wafanyakazi tisa. Na Ireland ilipokubali kiwango cha chini cha dunia cha asilimia 15 kwa kampuni zenye mauzo yanayozidi euro milioni 750, kilichoanza kutumika Januari 2024, hakukuwa na msafara wa kuondoka.

Hoja ya pili: siri ni watu, soko na serikali

Upande wa pili unasema kodi ilikuwa tangazo tu, bidhaa yenyewe ilikuwa nyingine. Kampuni ya Marekani inayofika Ireland inakuta Kiingereza, mfumo wa sheria unaofanana na wa kwao, na mlango wa kuingilia soko la watu takriban milioni 450. Uingereza ilipojitoa katika Umoja wa Ulaya mwaka 2020, washindani wa mlango huo walipungua zaidi.

Uzito wa elimu unaonekana katika habari ya Intel. Kampuni hiyo ya vipuri vya kompyuta ilipokuwa inachagua mahali pa kiwanda chake cha Ulaya, ilitilia shaka kama Ireland ina wahandisi wazoefu wa kutosha. IDA iliwatafuta wahandisi wa Ireland waliokuwa wakifanya kazi nchi za nje, ikawahoji kama wangerudi, na majibu yao yakawekwa mezani. Mwaka 1989 Intel ikachagua Leixlip, karibu na Dublin. Uhamaji ambao ulikuwa jeraha la taifa ukageuzwa kuwa akiba ya ujuzi.

Jambo la pili ni msimamo wa serikali. Vyama vilipokezana madaraka, lakini sera ya uwekezaji ilibaki na mwelekeo uleule kwa zaidi ya miaka 60. Mwaka 1987, katikati ya mgogoro, serikali, vyama vya wafanyakazi na waajiri walitia saini makubaliano ya kuongeza mishahara kwa kiasi ili kodi za wafanyakazi zipunguzwe, na migomo ikapungua. Jambo la tatu ni kujilundika kwa ujuzi. Pfizer ilifika Ringaskiddy, kwenye bandari ya Cork, mwaka 1969; waliofuata wakakuta mafundi, wakaguzi na vyuo vinavyoijua kazi ya dawa.

Hoja hii nayo ina ufa. Uholanzi na Denmark zina wasomi, bandari, utulivu na watu wanaozungumza Kiingereza vizuri. Kama watu na soko vingetosha, faida za Marekani zisingerundikana Ireland kwa kiasi kisicholingana na wafanyakazi waliopo. Kuhamishia Dublin umiliki wa hataza iliyobuniwa California hakuhitaji fundi wa Cork hata mmoja.

Hoja ya tatu: nchi imejifunga kwenye kamba ya wachache

Wakosoaji wa ndani hawabishani sana kuhusu chanzo, wanahofia matokeo. Mapato ya kodi ya kampuni yalipanda kutoka kama euro bilioni 4.6 mwaka 2014 hadi 23.8 mwaka 2023. Zaidi ya nusu hutoka kwa kampuni kumi, na ndani ya hizo, tatu hubeba zaidi ya theluthi moja ya jumla. Uamuzi wa bodi moja ya wakurugenzi upande wa pili wa Atlantiki unaweza kutikisa bajeti ya taifa zima.

Hatari hiyo si ya kufikirika. Mwaka 2009 Dell ilitangaza kuhamisha utengenezaji wa kompyuta kutoka Limerick kwenda Łódź, Poland, na ajira 1,900 zikapotea katika mji ambao maduka na nyumba zake vilitegemea mishahara hiyo. Mapema 2025, serikali ya Donald Trump ilipotishia ushuru, mauzo ya malighafi za dawa kutoka Ireland kwenda Marekani yaliruka ghafla kwa sababu kampuni zilikimbilia kusafirisha mzigo kabla ya ushuru kuanza. Takwimu za ukuaji zikapaa tena, safari hii kwa hofu.

Kisha kuna shinikizo la maisha. Wafanyakazi wenye mishahara minono wanashindania nyumba na mwalimu na muuguzi katika Dublin ambako ujenzi haujafuata mahitaji. Watu waliohifadhiwa katika malazi ya dharura walipita 15,000 mwaka 2025. Vituo vya kuhifadhia data, vilivyotumia asilimia 5 ya umeme wa nchi mwaka 2015, vilifika asilimia 21 mwaka 2023, zaidi ya nyumba zote za mijini.

Hata hivyo, si kila balaa limeletwa na wageni. Mporomoko wa 2008, uliomalizika kwa mpango wa kuokolewa wa euro bilioni 85 mwaka 2010 chini ya Umoja wa Ulaya na IMF, ulitokana na benki za ndani na homa ya kujenga nyumba. Mauzo ya nje ya kampuni za kigeni ndiyo yaliyosaidia kuivuta nchi kutoka shimoni. Uhaba wa nyumba nao una mizizi katika mporomoko huo, uliowafilisi wajenzi na kuwatawanya mafundi. Na serikali imeanza kujihami: mwaka 2024 ilianzisha mifuko miwili ya kuweka kando sehemu ya mapato hayo, mmoja kwa gharama za jamii inayozeeka, mwingine kwa miundombinu na tabianchi.

Bili inayofika Nairobi

Mjadala wa Ireland huishia mara nyingi kwenye mipaka ya Ulaya, lakini athari zake hazikomei huko. Kwa miaka mingi mauzo ya matangazo ya Google barani Ulaya, Mashariki ya Kati na Afrika yalipitia kampuni yake ya Dublin. Mfanyabiashara wa Nairobi alitangaza kwa wateja wa Nairobi, na mapato yakahesabiwa Ireland. Ndiyo maana Kenya ilianzisha mwaka 2021 kodi ya asilimia 1.5 kwa huduma za kidijitali, na mwishoni mwa 2024 ikaiondoa na kuweka kodi nyingine inayowalenga wageni wanaochuma nchini kwa njia hiyo bila kuwa na ofisi.

Hii pia ndiyo sababu Kenya, pamoja na Nigeria, Pakistan na Sri Lanka, ilijitenga na makubaliano ya Oktoba 2021 chini ya OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi la nchi tajiri, yaliyoleta kiwango hicho cha chini cha kodi cha dunia. Kiwango cha asilimia 15 kinaonekana kama ushindi dhidi ya nchi za kodi ndogo. Lakini kanuni zake zinairuhusu nchi ambamo faida imesajiliwa kukusanya kwanza nyongeza hiyo yenyewe. Kwa hiyo tofauti kati ya asilimia 12.5 na 15 inaingia hazina ya Dublin kabla haijafikiriwa Nairobi.

Kupima mizani

Hoja zikiwekwa pamoja, kila moja inaeleza kitu tofauti. Kodi inaeleza mahali faida inapotangazwa. Watu na soko vinaeleza mahali kazi inapofanyika. Subira ya serikali inaeleza kwa nini vyote viwili vilikutana katika kisiwa kimoja.

Historia inaipa nguvu tafsiri hii. Kodi ndogo sana kwa wauzaji wa nje ilikuwepo tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, na haikuzuia ukosefu wa ajira wa asilimia 17. Mambo yalibadilika pale nafuu ya kodi ilipokutana na kizazi kilichomaliza sekondari bure, makubaliano ya 1987 na soko la pamoja la Ulaya lililoanza 1993, wakati huohuo kampuni za teknolojia za Marekani zikitafuta makao Ulaya. Bahati ilikuwepo, lakini ilikuta nchi imejiandaa.

Kwa nchi zinazotaka kuiga, sehemu hizo hazina uzito sawa. Kiwango cha kodi hubadilishwa kwa kura moja bungeni, na kwa sababu hiyo kila mshindani anaweza kukishusha pia. Elimu huchukua kizazi. Uanachama katika soko kubwa na tajiri haununuliki. Serikali inayotoa misamaha mirefu ya kodi bila sehemu mbili hizo hubaki na upande wa gharama wa mfano wa Ireland, bila upande wa ajira.

Kwa Ireland yenyewe, hesabu imebadilika. Asilimia 15 imeshakuwa sakafu kwa kampuni kubwa, na Marekani inataka viwanda vya dawa virudi kwake. Faida ya kodi inapungua, huku nyumba, umeme na usafiri vikizidi kuwa vigezo vya mwekezaji kama vilivyo vilio vya raia. Kujenga nyumba Dublin sasa ni sera ya uwekezaji.

Kwa muhtasari, Ireland ni tajiri, ingawa si kwa kiwango kinachotangazwa na pato ghafi. Kampuni za kigeni zilivutwa na kodi, na nyingi zikabaki kwa sababu ya ujuzi, soko na uthabiti wa sera. Wananchi wamefaidika kwa ajira na huduma, wakilipa kwa kodi za pango na kwa bajeti inayotegemea kampuni chache. Sehemu ya faida hiyo ilitokana na mapato ambayo nchi nyingine, zikiwemo maskini, zingeweza kuyatoza. Anayeusifu mfano huu na anayeulaumu wote wanazungumzia nchi ileile. Tofauti yao ni ukurasa wa daftari walioufungua.